Chapa Kwenye Kitako cha Bunduki

Asubuhi ile shemeji yangu Ibrahim alikunywa chai akilalamika kwamba sukari ni kidogo. Kisha akamtania mkewe, dada yangu Halima, kuwa anawapenda ngamia kuliko mume. Halima akamjibu kwamba ngamia angalau husikiliza wakiambiwa. Wakacheka. Mimi nilikuwa nakamua mbuzi. Tuliishi nje kidogo ya mji wa Lafey, karibu na mpaka, na siku ilianza kama siku nyingine zote.

Alasiri tukasikia risasi kutoka upande wa kisima.

Halima aliwalaza watoto wake chini na kuwafunika kwa mwili wake. Nikalala kando yao, uso mchangani.

Kisha kimya.

Wanaume walimleta Ibrahim juu ya mkeka. Alikuwa ameshakufa. Waliomuua walikuja kwa miguu, nyuso zimefunikwa, na walikimbilia vichakani watu wetu walipoanza kujibu. Mmoja wao aliangusha bunduki.

Baada ya mazishi, mazungumzo yote yakawa juu ya bunduki hiyo: imetoka kwa nani? Mzee Bishar, ami yake Ibrahim, aliwahi kuwa askari wa akiba, kwa hiyo yeye ndiye aliyeikagua. Alituonyesha taji dogo lililogongwa kwenye chuma. Alisema ni bunduki ya jeshi la Waingereza, kuukuu kuliko yeye. Baadaye mwindaji fulani aliukata mtutu na kuondoa mbao za mbele ili iwe nyepesi. Namba zake zilikuwa zimekwanguliwa. Chuma hakikuweza kutuambia zaidi ya hapo.

Lakini kitako hakikuwa cha asili. Kilichongwa kwa mkono kutokana na mbao nyingine, na juu yake palikuwa na chapa ya moto, ileile ambayo majirani zetu wa kisima cha chini huwachoma ngamia wao shingoni. Kwetu chapa haibishaniwi. Ngamia akipotea hata mwaka mzima, shingo yake humrudisha kwa mwenyewe. Basi tukaisoma bunduki kama tunavyomsoma ngamia. Noor, mdogo wake Ibrahim, akaanza kukusanya vijana wakalipize kisasi. Wazee wetu walitaka diya, ngamia wa kulipia damu, ili watoto wa marehemu wapate cha kuwalea. Hakuna aliyeuliza kama tumewapata wenye hatia. Walibishana juu ya malipo tu.

Halima alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe za eda. Alinituma nikaseme kwamba anataka kukiona kilichomuua mumewe. Nilipata shida kulisema hilo mbele ya wanaume, lakini nililisema. Mzee Bishar akaileta bunduki mwenyewe, Noor akimfuata nyuma. Wakasimama mlangoni.

Dada yangu aliiweka mapajani. Hakulia. Alipitisha kidole juu ya chapa mpaka mahali ilipoingia chini ya bamba la chuma lililofunika nyuma ya kitako. Hapo akanyamaza. Alinyamaza mpaka Noor akaanza kukohoa. Kisha akaniomba kisu, akafungua skrubu za bamba.

Chini yake, chapa ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Nusu yake haikuwepo.

"Adeer," alimwambia Mzee Bishar, kwa heshima ya baba mdogo, "mtu huchoma chapa yake halafu akaikata nusu?"

Halima akaeleza polepole kwamba mbao ile ilichomwa chapa kabla haijawa kitako. Ilikuwa ubavu wa hori la kunyweshea ngamia, ambalo nalo huchomwa chapa ya wenyewe. Sote tulijua kwamba kiangazi kilichopita watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya mpaka walikivamia kisima cha chini, wakaua watu, wakabeba kila kitu, hata mahori.

"Unawatetea wajomba zako," Noor alisema. Kweli mama yetu alizaliwa kwa watu wa kisima cha chini.

"Wajomba ni wajomba, Noor. Aliye kaburini ni baba wa watoto wangu. Ukienda kuua, nenda kwa jina lako. La Ibrahim liache hapa."

Noor alitazama chini. Mzee Bishar aliichukua bunduki na lile bamba, akawapelekea wazee wenzake. Kabla ya swala ya magharibi vijana walikuwa wametawanyika.

Watu wa kisima cha chini walikuja kutoa pole, na waliitambua mbao yao. Nimesikia wanaume wengi wakisifiwa kwa kwenda vitani. Dada yangu alivizuia vita akiwa ameketi, na sijasikia mtu akimsifu, ndiyo maana ninaandika.

Waliomuua Ibrahim hawajulikani mpaka leo. Diya haikulipwa na yeyote. Halima huuza maziwa sokoni, na kuna siku watoto hulala wamekunywa chai tu. Mwaka jana nilijikaza nikamuuliza kama siku ile aliwafikiria wale ngamia ambao watoto wangepewa.

"Niliwafikiria," alisema. "Unadhani nilinyamaza muda wote ule kwa nini?"