Funguo za Baba

Cheng, cheng. Ndivyo zilivyolia funguo za ghala la ushirika mfukoni mwa baba yangu, Gaudensi, aliyelitunza ghala hilo tangu sijazaliwa. Hakuziacha nyumbani hata siku ya Misa.

Mwaka tisini na tatu wafanyabiashara walikuja Sumbawanga na malori yao, wakanunua mahindi huko huko mashambani. Ghala likabaki nusu tupu, na makarani wawili wakaachishwa kazi. Mama akaanza kuamka na wasiwasi.

Jumapili moja baada ya Misa, baba alitupeleka sote kuchuma uyoga msituni, juu kidogo ya mji. Alitangulia njiani.

"Baba leo hana muziki!" mdogo wangu Kasimiri alicheka.

Mama alisimama. Nami nikatega sikio. Nilisikia upepo, na nyasi zikikwaruza suruali ya baba. Mfukoni, kimya.

"Umezisahau nyumbani, Baba Leokadia?" mama aliuliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida. Uyoga ulikuwa umevunjika mkononi mwake.

Baba aliinama, akaokota vipande, akavipuliza udongo, akavitia kikapuni kimoja kimoja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Kasimiri hakuisikia:

"Nilizirudisha Ijumaa, mama."