Nyayo Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika maneno kwenye madaftari, neno moja ukurasa mmoja, bila kutumwa na mtu. Ni ukurasa mmoja tu uliowahi kuleta madhara, nao ni wa unyayo.

Niliandika kwamba hatua tuliipokea kutoka Kiarabu, lakini unyayo ni neno letu wenyewe, na wazee walisema wayo. Hadi hapo nilikuwa na ushahidi. Kisha nikaongeza sentensi kwa majivuno: njia ya wapagazi wa zamani, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, ilipita mtaani Itetemia, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, na nyayo zao zinaonekana hadi leo.

Mwenyekiti wa kamati ya utalii ya mtaa aliazima daftari. Asubuhi moja, baada ya mvua, kamati ikafika kwa shangazi na vigingi na kamba, nami nikiwa nao. Walitaka kipande cha shamba la karanga, wageni wapate pa kuegesha magari. Karanga zile ndizo mboga yake na mbegu yake ya mwaka.

Nyayo walizipata: tisa, za miguu peku, zimefuatana. Mwenyekiti alichuchumaa, akatueleza jinsi kisigino kilivyozama, dalili ya mtu aliyebeba pembe. Katibu alipiga picha, kisha akafunika unyayo mmoja kwa beseni ili kuku wasiharibu historia. Beseni lilikuwa la shangazi.

Shangazi alinitazama. "Baba, msomi ni wewe. Sema."

Nilikohoa. Nikasema wapagazi wa huku walisafiri kiangazi. Masika walikuwa nyumbani wanalima. Unyayo wa kwenye tope hauwezi kuwa wao.

"Lakini uliandika mwenyewe, mzee," akasema mwenyekiti.

"Niliandika bila kuja kuangalia."

Yeye aliona nazungumza hivyo kwa undugu. Alikuwa anagonga kigingi cha tatu shangazi alipovua kandambili, akainua beseni na kuweka mguu wake pale. Uliingia sawasawa, hadi kidole cha mwisho.

"Mzigo wenyewe ulikuwa ndoo ya maji," akasema. "Nimepita hapa alfajiri."

Waling'oa vigingi. Katibu aliuliza kama picha zinaweza kutumika kwingine.

Sentensi ile nimeikata kwa rula. Tuta walilolikanyaga nililirudishia udongo mwenyewe, peku, shangazi akinisimamia.