Siku Niliyomtambulisha Afande Mbele ya Ghala

Hii habari siisemi nikiwa na wageni, aibu yake bado haijanitoka mwilini, lakini ninyi ni watu wangu, na nikinyamaza mtaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi (ingawa kusema kweli haihitaji chumvi).

Mnajua mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, huku nje kidogo ya Kiomboi, na mnajua napenda mambo yaende kwa utaratibu. Mdogo wangu Yohana alikuwa ameacha dawa zake za ugonjwa wa akili, akawa halali, anasema kuna watu wanamfuata, na asubuhi moja akajifungia kwenye ghala la alizeti. Nikapiga simu hospitali. Nesi wa afya ya akili, sista Mwajuma, akanijibu taratibu: "Nakuja na afande mmoja, kazi hizi tunafanya naye. Hatavaa sare, na gari tutaliacha mbali. Wewe tungoje hapo, ila watu wasijae."

Watu wasijae! Wageni wa serikali waingie kwenye kitongoji changu niwapokee kama wapita njia? Nikaamua jambo dogo tu, nikamwambia katibu wangu alete viti viwili kutoka kanisani. Katibu akaja na viti na wazee, wazee wakaja na wake zao, kina mama wakaja na watoto, na mtu mmoja (sitamtaja, anajijua) akanishikisha kipaza sauti cha mikutano, nami kipaza sauti sijawahi kukikataa.

Wageni wakatokea kwa miguu, afande kavaa kandambili na shati limepauka, ungemwona ungedhani ni mnunuzi wa kuku. Sista alipoona umati akanipungia mkono nishushe kile kipaza sauti. Mimi nikadhani ananisalimu, nikaanza.

"Ndugu wananchi! Leo tumetembelewa na wageni kutoka hospitali na kituo cha polisi! Afande, sogea hapa mbele watu wakuone!"

Na watu wakapiga makofi, jamani.

Ndani ya ghala tukasikia magunia yanaburutwa mlangoni, kisha ikatoka harufu ya mafuta ya taa. Yohana akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mtoto. "Umeniletea polisi! Mtu akigusa mlango nawasha kiberiti!" Nikakumbuka mwaka ule alipougua, mgambo walivyomfunga kamba wakampiga njia nzima hadi hospitali, nami nilikuwepo, natazama.

Afande hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikichukua kipaza sauti mkononi mwangu, akakiweka chini, akawasogeza watu mbali kwa ishara, kisha akakaa kwenye vumbi kando ya ukuta. Sista akakaa upande wa pili wa mlango.

"Yohana, ni Mwajuma wa kliniki. Huyu niliye naye ni polisi kweli, sikufichi. Hana kamba wala pingu. Una kiu?"

Wakaongea naye hivyo, mmoja akichoka mwenzake anapokea, mpaka kivuli cha ghala kikahamia upande mwingine, nami nimesimama palepale jasho linanitoka, naomba Mungu kile kiberiti kiwe kimelowa. Mwishowe Yohana akasema atatoka, ila ana sharti moja.

"Mwondoeni kaka kwanza."

Mimi niliyemlea baba alipofariki! Nikaondoka, nikapita katikati ya watu wangu walewale, wote wanatazama chini. Nilipogeuka nikiwa barabarani nilimwona anatembea katikati ya afande na sista, hakuna aliyemshika, anakunywa maji kwenye chupa.

Sasa hivi ni mzima, anakunywa dawa, analima. Akijisikia vibaya humpigia sista, hata afande mara mojamoja, mimi hanipigii. Nimemwomba radhi, akasema yameisha. Nami nimeapa, siku nyingine nikiambiwa watu wasijae, nitajihesabu na mimi ni mtu, nitakaa nyumbani. Lakini inaniuma, siwafichi. Zamani akiniona hata toka mbali alikuwa anapaza sauti, "Kaka!" Siku hizi tukikutana njiani anasimama, anavua kofia kwa heshima zote.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Naitikia marahaba, na kila mtu anashika njia yake.