Asali Niliyomletea Dokta wa Ndani

Msinicheke kabla sijamaliza. Mpaka leo nikipita mbele ya hospitali navuka barabara na kutazama milima kana kwamba naiona mara ya kwanza, maana pale barazani, mbele ya nusu ya Bunia, nilijiaibisha kwa kinywa changu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, na mama yangu alikuwa anakwisha. Anakunywa maji mtungi mzima na bado anakonda, na mtaa ulishaamua kwamba amepewa karuho, ile sumu ya siri inayotiwa katika chakula, na aliyempa ni Mama Furaha, jirani yetu, rafiki yake tangu usichana. Mama aliamini. Akaacha hata kumsalimu, akajilaza kungoja kufa.

Nikasema hapana, tutaenda kwa Dokta wa Ndani. (Ndivyo tulivyomwita, kwa sababu alisomea magonjwa ya ndani: moyo, ini, figo, damu, yote yasiyofungika kwa bandeji.) Alikuwa mtoto wa mchimba dhahabu wa Kilo, alisoma Kinshasa, akaongeza ujuzi Ulaya, akatibu huko mpaka mvi zikaanza kumtoka, kisha, badala ya kubaki kwenye lami na umeme, akarudi kwetu kwenye vumbi jekundu. Akiinama kusikiliza kifua cha mtu, chumba kizima kilinyamaza, na hata aliyengoja mlangoni alianza kuusikia moyo wake mwenyewe.

Basi muuguzi alitaka mkojo wa asubuhi, nami nilikuwa nimepata asali ya msituni kutoka Mambasa ya kumzawadia Dokta, na (hapa ndipo nilipojimaliza) nikatia vyote katika chupa za bia za rangi moja, nikaziba kwa jani la ndizi, nikaweka katika kikapu kimoja, kwa kuwa nilitaka mkono mmoja uwe huru kwa hotuba. Ndiyo, hotuba! Nilikuwa kijana wa mashairi, ningewezaje kutoa asali kimyakimya?

Dokta alipotokea barazani, koti jeupe juu ya abakosti, ile suti ya Zaire isiyovaliwa tai, nikasimama, nikamwita mwana wa Kilo, nikamwita anayeujua moyo kuliko mwenye moyo, wagonjwa wakapiga makofi, nikainua chupa. Sasa, kwetu mtoa chakula au kinywaji huonja kwanza, ili anayepewa ajue hamna karuho ndani, na siku hiyo, kwa uvumi ule wa mama, macho yote yalinikodolea, kwa hiyo sikuonja kidogo. Nilipiga funda la nguvu.

Ilikuwa nyepesi. Nikajiambia, hawa wauzaji wa Mambasa wameongeza maji.

"Mutoto yangu!" mama akapiga kelele kutoka kwenye benchi. "Ile iko mukojo yangu!"

Kicheko kilicholipuka pale sitakieleza. Mwanamke aliyeletwa na kikohozi alicheka mpaka wakamshika mabega. Mlinzi aliacha lango wazi. Mimi nilikuwa chini, natema.

Dokta hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu.

"Muandishi, iko na ladha gani?"

"Dokta, unihurumie..."

"Niambie. Chumvi? Uchungu?"

"Sukari," nikasema. "Iko na sukari kidogo."

Akachukua chupa, akachemsha mkojo kidogo pamoja na ile dawa yao ya buluu, na mbele ya macho yetu buluu ikawa kijani, kijani ikawa rangi ya matofali. Akaenda kukaa karibu na mama, akamshika mkono.

"Mama, hakuna mutu alikupatia karuho. Ni ugonjwa ya sukari, na dawa yake iko. Utaishi."

Mama akalia. "Basi miye nilimukataa Mama Furaha bure?"

Tulipotoka tulipitia kwake moja kwa moja. Wakakumbatiana mlangoni, nami nyuma yao nikaapa kwamba daktari yeyote atakayetuponya tena nitamwambia aksanti, nikae. Lakini habari ilikuwa imetutangulia. Mama Furaha alijipangusa machozi, akanitazama juu ya bega la mama.

"Na weye, muandishi, nikupe chai, ao umekuja na ya kwako?"