Sauti iliyokuwa safi kupita kiasi

Leo kazi yangu nzuri karibu ivunje familia ya watu!

Hapa kwa saiba yetu ya kompyuta Kitale, simu za intaneti zilikuwa zinakatika kila mara watu wakidownload nyimbo. Asubuhi nikaseti swichi, kile kisanduku cha kugawa intaneti: sauti ipite kwanza, nyimbo zingoje.

Mama mmoja wa Kiminini akampigia binti yake Nekesa, aliye Ujerumani. Sauti safi, bana!

Mama akakunja uso. "Wewe Nekesa, mbona unasikika hapa karibu? Simu ya Ujerumani hukatika! Si uko Bungoma! Umejificha kwa nani?"

Nekesa akaapa, karibu alie. Mama ameshabeba kikapu, ati anaenda Bungoma kumtoa.

Ikabidi nirudishe swichi vile ilikuwa.

Nekesa akaanza kukatika: "Ma... ma... ni... mi..."

Mama akacheka mpaka jino la mwisho. "Eeh! Sasa uko Ujerumani."

Jameni, niiache swichi hivyo?