Visheti Juu ya Kilima cha Greenwich

Idi yangu ya kwanza London, miaka michache baada ya Mapinduzi ya Unguja, niliitangaza mwenyewe. Mawingu ya mji ule hayamwonyeshi mtu mwezi, wala sikumjua Mwislamu hata mmoja wa kumuuliza. Nikatimiza funga thelathini, asubuhi nikavaa kanzu yangu ndani ya koti zito, nikachukua visheti nilivyokaanga jikoni kwa mwenye nyumba wangu, nikatoka.

Kwetu siku ya Idi hakai mtu ndani. Unazunguka nyumba hadi nyumba, na kila nyumba unaonjeshwa kitu. Mimi sikuwa na mlango wa kupiga hodi, basi nikaona bora niutembelee mji. Nilikwenda kwa miguu kutoka Stratford mpaka mtoni, nikapita njia ya chini ya maji, nikaibukia Greenwich. Nikatazama majumba ya kale yenye nguzo, kisha nikapanda kilima. Mtoto wa mjini Unguja hajui vilima. Nilifika juu nikihema. Watu walikuwa wakisimama kwa zamu juu ya mstari wa shaba, mguu mmoja mashariki ya dunia, mwingine magharibi. Nikasimama na mimi, kanzu ikichungulia chini ya koti. Hapakuwa na wa kuniambia nimependeza.

Nikakaa kwenye benchi, mji wote chini yangu. Mama alitulea kwa neno moja: kizuri kula na nduguyo. Nilitaka mtu mmoja tu ale nami, nisije nikasema Idi nimeila peke yangu. Karibu yangu alikaa mwanamke mwenye mwavuli. Nikafungua karatasi ya visheti, nikamkaribisha. Akasema hapana, asante. Kwetu hapana ya kwanza ni adabu tu, na ya pili vilevile, kwa hiyo nikazidi kumkaribisha. Mara ya tatu nikavisogeza mpaka magotini pake. Akabeba mkoba wake akaondoka mbiombio, akigeuka kunitazama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mjinga mimi, nimemtisha mtu siku ya Idi.

Baadaye akaja mzee mmoja, akakaa palepale. Sikuthubutu kumsemesha, na kula mbele yake bila kumkaribisha sikuweza. Mwishowe yeye ndiye aliyeuliza ni kitu gani kile.

"Vya sikukuu yetu," nikamwambia. "Karibu."

Nilisema mara moja tu. Akachukua viwili, akavinusa. Akatoa leso mfukoni, akavifunga taratibu.

"Nitampelekea mke wangu," akasema. "Tutavila na chai."

Akanishukuru, akateremka kilima. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye miti. Nilimwonea wivu, sifichi. Kisha nikashika kisheti kimoja, nikajiambia kwa sauti, "Karibu." Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikakataa mara mbili kwanza.