Mgeni Katika Nafasi Iliyoachwa Wazi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaume ambao wakishinda ndani siku moja tu, kuta zinawafukuza, mimi zinanibembeleza. Cherehani yangu iko kibarazani kwetu Nakwa, jiko liko nyuma yake, na nikitumwa sokoni humshukuru Mungu mvua ikinyesha. Ndiyo maana shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipotafuta mtu wa kumsaidia mazoezi ya Kiingereza, alinipata bila jasho. Si kwamba nilikijua. Nilikuwepo.

Yeye ni mkunga. Chuo kimoja cha nje kilikuwa kimempokea akaongeze masomo, kwa sharti kwamba afaulu mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Mara ya kwanza alikosa alama chache. Chuo kikamwandikia kuwa kitamshikia nafasi mpaka afanye mtihani mwingine, na huo ndio wa mwisho. Akachukua likizo, akaja kukaa kwetu, akanikabidhi kitabu cha mazoezi.

"Shemeji, wewe soma sentensi. Ukifika penye pengo, nyamaza. Mimi nitajaza."

"Kunyamaza naweza."

"Hapo ndipo penye wasiwasi."

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na nimekitunza kama suti ya harusi: kipo, ila kinabana. Nilikuwa nasoma huku nakanyaga cherehani. Penye pengo nasimamisha mguu, kimya kinatanda. Akijibu sawa, naendelea kushona. Akikosea, gurudumu linakaa hapo hapo mpaka tuelewane. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri gauni lake akauliza, "Fundi, kwa hiyo binti akikosa, mimi ndiye nakwenda harusini uchi?" Tangu hapo wateja nao wakawa wanamwombea.

Neno lililomkaa upesi kuliko yote ni *reluctant*, yaani mtu anayefanya jambo huku moyo unajivuta. Alilishika kwa sababu mfano wake alikuwa naye nyumbani. Mke wangu akisema, "Baba watoto, peleka mahindi mashineni," shemeji analipaza hilo neno kutoka ndani kabla sijatafuta viatu.

Mambo yalienda vizuri mpaka tulipofika kwenye sentensi ya wageni. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: rafiki zake walipofika saa ya chakula bila taarifa, mwenye nyumba nanihii. Nikasimamisha mguu. Majibu ya kuchagua yalikuwa alifurahi, alikerwa, alisinzia na alitajirika.

"Alifurahi," akasema, hata hakufikiri.

Nami hata sikufikiri, nikakanyaga. Nimeshona mkono mzima ndipo nikachungulia majibu nyuma ya kitabu. Alikerwa.

"Alikerwa na nini? Wamemkosea nini?"

"Labda chakula kilikuwa kidogo."

"Si aongeze maji kwenye mchuzi!"

Mke wangu aliporudi kazini tukamtegea. Naye akajibu, "Alifurahi. Na kama hakufurahi, hakuonyesha. Kwani nyie mmelelewa wapi?" Nyumba nzima ikafeli.

Tukarudia sentensi zote alizowahi kukosa. Maneno aliyajua. Tatizo ni kwamba kila mtu wa kwenye kitabu alikuwa anampa roho ya shangazi yake wa kijijini Sigino, ambaye kwake mgeni ni sherehe. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akamkatiza mtu kazi yake, kwa shemeji huyo alikuwa baraka. Kwa kitabu alikuwa usumbufu.

"Shemeji," nikamwambia, nikijiona profesa, "siku ya mtihani adabu iache mlangoni pamoja na viatu."

Basi tukaanza upya. Nikisimamisha mguu, anajiuliza kwa sauti: "Huyu ni wa kwetu au wa kitabuni?" Mimi nikawa namwigizia mtu wa kitabuni: jirani akipiga hodi, natazama saa na kuguna. Jirani mmoja akamuuliza mke wangu kama ninaumwa tumbo.

Akaenda Arusha kufanya mtihani. Niliombwa nimsindikize, nikakumbuka kuku wangu hawana wa kuwaangalia.

Majibu yalikuja mchana, ugali ukiwa mezani. Simu ikalia, shemeji akaishika. Kabla hajagusa kioo tukasikia, "Hodi humu!"

Shangazi wa Sigino, na jogoo kwapani. Taarifa hakutoa, simu anayo, ya kupokelea.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba wanangu. Naona nimewakuta mnakula, maana yake mnanipenda."

Huwezi kutazama simu mkubwa anapotoa habari za nyumbani. Ikawekwa kifudifudi kando ya chumvi. Akatupa habari za mvua, za maharage, za ng'ombe aliyezaa, na za kila mgonjwa kwa zamu yake. Mke wangu akamnawisha. Mimi nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye mchuzi, na nakiri kuwa pale jikoni peke yangu nilikuwa mtu wa kitabuni kabisa.

Shangazi alikula taratibu, kisha akauliza, "Mbona mnaitazama hiyo simu kama kuna mgonjwa?"

Tukamweleza.

"Sasa mnangoja nini?"

"Tunakungoja umalize kula, shangazi," shemeji akasema.

"Fungua, mwanangu."

Akafungua. Akasoma. Kimya kilikuwa kile kile cha mguu wangu kwenye cherehani, ila safari hii sikuwa na uwezo wa kukanyaga.

"Alama zimetosha," akasema, akakalia kiti vibaya nusura aanguke.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka jogoo akajibu. Alipotulia akauliza, "Na huko unakokwenda, nikija bila taarifa watanipokea?"

"Njoo tu, shangazi. Mlango nitafungua mimi."

"Basi nitakuja. Mkwe wangu huyu atanisindikiza."

Wote wakanigeukia. Nikasimamisha kijiko hewani, na wale dada wawili wakajaza pengo kwa pamoja, kwa Kiingereza safi: "*Reluctant!*"